Nirudishe riwaya zangu za zamani za upelelezi, au nitoe mpya kwanza?

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kati ya 1993 na 2002 niliandika riwaya nne za upelelezi, zote za mpelelezi mmoja wa Dar es Salaam. Mbili za mwanzo zilitolewa na mchapishaji ambaye ofisi yake ilifungwa zamani. Ya tatu niliichapisha kwa fedha zangu. Ya nne ilitoka gazetini kila wiki, haikuwahi kuwa kitabu. Sasa nimefika katikati ya riwaya mpya ya mpelelezi huyohuyo, na vijana wananiuliza zile za zamani watazipata wapi. Mmoja kanitumia PDF ya kitabu changu mwenyewe! Nataka kuzirudisha sokoni. Kijana wangu anashauri nizifanye za kisasa, niweke simu za mkononi na kamera, maana msomaji wa leo hatamwelewa mtu anayepanga foleni ili apige simu. Kitabu cha pili kinategemea pantoni: mtuhumiwa anadai alikwama Kigamboni kwa sababu pantoni iliharibika usiku ule. Leo pana daraja. Nibadilishe? Nianze na kipi, kipya au cha zamani? Na kwa kuwa mchapishaji hayupo tena, nadhani haki zimeshanirudia, au siyo?"

Shikamoo Mwalimu.

Umeuliza mambo kadhaa, ila naona wasiwasi ni mmoja: kwamba miaka imezipita riwaya zako, na usipozikimbiza zikaifikia leo, zitakufa mara ya pili. Nikwambie msimamo wangu kabla sijaeleza sababu. Usizikimbize. Mwache mpelelezi wako akae kwenye mwaka wake. Sahihisha yale tu yaliyokuwa makosa hata mwaka ule, kisha nguvu iliyobaki uitie kwenye kazi mbili zisizo na raha yoyote: karatasi za haki na usafi wa maandishi. Kijana wako ana nia njema, na huko mbele kuna jambo nitamhitaji, lakini kwenye hili la simu anakupoteza njia.

Riwaya ya upelelezi hujengwa juu ya swali la nani alijua nini, na alikijua saa ngapi. Mauaji hulianzisha tu. Mwaka 1995 habari zilitembea polepole Dar es Salaam. Mtu aliacha ujumbe kwa mwenye duka, barua alipewa kondakta wa basi, simu ilipigwa ofisini kwa watu kwenye namba iliyoanza na 051, msimbo wa Dar wakati ule, ukajibiwa kwamba unayemtaka katoka, jaribu tena saa nane. Ucheleweshaji huo ndio malighafi uliyofanyia kazi, hata kama hukuufikiria hivyo wakati ule, kwa kuwa ndivyo maisha yalivyokuwa.

Tuseme mpelelezi wako amepanga foleni kwenye kibanda cha simu, na nusu saa ile ndiyo inayompa muuaji nafasi ya kuchoma shati lenye damu. Mpe mpelelezi simu ya mkononi, foleni haipo. Foleni isipokuwepo, shati halichomwi. Shati lisipochomwa, kile kifungo kilichokutwa jivuni hakina kilikotoka, na sura nzima ya mwisho inabaki inafumbua fumbo ambalo halikufumbwa. Ukichomoa ukili mmoja mkekani, hutabaki na mkeka wenye pengo dogo. Utabaki na ukili.

Na simu haiji peke yake. Inakuja na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na kumbukumbu za miamala ya M-Pesa, na minara inayoonyesha simu ilikuwa upande gani wa mji. Msomaji wa miaka 22 anayajua haya kuliko mimi na wewe, na atakuuliza mara moja kwa nini polisi hawakuomba kumbukumbu za simu siku ya kwanza. Hivyo hivyo kwa damu. Riwaya ya 1993 ilitosheka na kundi la damu. Leo sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa vinasaba, na nusu ya washukiwa wako wangeachiwa kabla ya sura ya tano. Ungeanza kwa kubadilisha simu, ungeishia kuandika riwaya nyingine kwa jina la zamani, na msomaji wako wa zamani akiinunua atasema umemuuzia kitu kisicho chake.

Hofu kwamba vijana hawatamwelewa mtu wa foleni haina msingi. Vijana haohao wanakesha wakitazama tamthilia za masultani wa Uturuki na wafalme wa Korea, na sijasikia hata mmoja akiuliza kwa nini mfalme hakupiga simu. Kinachomchanganya msomaji ni kutojua yuko mwaka gani. Ulipoandika, hukutaja mwaka kwa sababu ulikuwa "sasa", na kila mtu alijua. Leo yule "sasa" amepotea, na msomaji anafika ukurasa wa 40 akidhani mhusika ni maskini sana au mpelelezi ni mzembe. Dawa yake ni ndogo. Aya ya kwanza au ya pili iwe na kitu kimoja chenye tarehe: gazeti la siku ile mezani, kalenda ya ukutani, bango la uchaguzi wa 1995. Kimoja tu. Ukiweka vitano utaonekana unafundisha historia, na walimu, samahani, tuna ugonjwa huo.

Mwandishi wa Marekani Sue Grafton alilitatua jambo hili kwa namna ninayoipenda. Mpelelezi wake, Kinsey Millhone, alitoka mara ya kwanza mwaka 1982. Grafton akaendelea kuandika mpaka 2017, miaka 35, lakini ndani ya hadithi mpelelezi yule hakuwahi kutoka miaka ya 1980. Dunia ya nje ilipata intaneti na simu za kila aina, Kinsey akabaki na taipureta yake na majalada ya karatasi. Wasomaji hawakukimbia. Na hapa kwetu, watu wanamsoma Bwana Msa, mpelelezi wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, aliyetokana na hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, na bado wanacheka na kukuna vichwa pamoja naye na kiko chake. Hakuna aliyeomba apewe simu.

Sasa pantoni. Nimelifikiria sana suala lako hili kwa sababu ni zuri, na kwa sababu nadhani umeona tatizo ambalo halipo na ukapitwa na lililopo. Daraja la Nyerere, ndilo la Kigamboni, lilifunguliwa Aprili 2016. Riwaya yako ni ya miaka mingi kabla. Mradi msomaji amejua mwaka, daraja halikuhusu. Ila mtu wa Kigamboni atakuuliza swali jingine: kwani hapakuwa na barabara? Palikuwa nayo. Ukitoka Mjimwema unazunguka kwa Kibada mpaka Kongowe, unaingia Mbagala, unafika mjini. Ilikuwa mbali, mbovu, na usiku haikuwa na raha, lakini mwenye gari au pikipiki na sababu ya kutosha angepita. Na muuaji ana sababu ya kutosha.

Kwa hiyo madai ya mtuhumiwa wako yalikuwa na tobo hata mwaka ule, na kama mpelelezi hakuitaja barabara ya Kongowe, kosa si la muda, ni la fumbo. Hilo ndilo la kusahihisha. Unaweza kuliziba kwa mistari michache: mvua ya masika imekata barabara, mpelelezi ametuma mtu kuthibitisha, barabara haipitiki. Au, na ningekuwa wewe ningelifikiria hili usiku mmoja kabla ya kulikataa, ulifanye tobo liwe ushahidi. Kila mtu anazungumzia pantoni, mtuhumiwa mwenyewe anaizungumzia mno, na matope mekundu kwenye matairi yanasema alipita kwingine. Kama suluhisho lako la sasa linaruhusu, utakuwa umeimarisha kitabu bila kugusa zama zake.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila badiliko: je, msomaji makini wa mwaka ule angelalamika? Angelalamika, rekebisha. Mkono wa kushoto uliopigwa risasi kitabu cha kwanza ukauma wa kulia kitabu cha tatu, rekebisha. Mama aliyezikwa kisha akapiga simu Krismasi, rekebisha. Saa zisizojumlika, rekebisha, na hapo uwe mkali sana, kwa kuwa saa ndizo zinazomfunga au kumwachia mtu kwenye riwaya hizi. Tafuta daftari, soma vitabu vyote vinne kwa mfululizo kama mtu baki, uandike kila ukweli kuhusu mpelelezi: umri, makovu, nyumba, gari, nani anamdai, nani alimwacha. Daftari hilo utalihitaji zaidi kwenye riwaya mpya kuliko kwenye hizi za zamani.

Kuna jambo hukuniuliza, nalitaja kwa heshima. Riwaya pendwa za miaka ile, na si zako peke yako, zilikuwa na namna ya kuwasema wanawake, wageni, walemavu na watu wenye ualbino ambayo leo inakwaruza. Hapa sina kanuni moja. Mhusika mbaya akisema neno baya, mwache aseme. Ndiyo tabia yake. Lakini pale msimulizi mwenyewe anapolisema bila sababu, na sentensi ikabaki na maana ileile bila neno hilo, lifute. Halafu andika nusu ukurasa mwanzoni ueleze kwamba hili ni toleo lililopitiwa, na umegusa nini. Msomaji aliye na nakala ya zamani atalinganisha, amini usiamini.

Tuje kwenye haki, ambako una dhana isiyo sahihi na inaweza kukugharimu. Mchapishaji kufunga ofisi hakukurudishii haki. Kampuni ikifa, mali zake huenda kwa mtu: wadai, warithi, au kampuni iliyoinunua. Mkataba wako ni moja ya mali hizo. Nafuu yako ni kwamba sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamtambua mwandishi kuwa mwenye haki wa kwanza, na haki hizo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kilichotoka mikononi mwako ni kile tu ulichokitoa kwa maandishi. Kwa hiyo kila kitu kinaanzia kwenye karatasi uliyosaini.

Itafute karatasi hiyo. Isome polepole uone ulitoa nini hasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumpa mchapishaji kibali cha kuchapa na kuuza kitabu kwa Kiswahili, na kumpa "haki zote". Angalia kama muda umetajwa. Angalia kama kuna kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asipokichapa tena baada ya kuombwa, haki zinarudi kwa mwandishi. Kama kifungu hicho kipo, wewe ni mtu mwenye bahati, ila bado hakijifanyii kazi chenyewe. Lazima uombe kwa barua. Majina ya waliokuwa wakurugenzi yanaweza kupatikana BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kwenye kumbukumbu za kampuni. Waandikie, tuma kwa rejista, tunza risiti, wape miezi miwili au mitatu. Wakijibu kwamba hawana dai, hiyo barua yao iweke mahali unapoweka hati ya nyumba. Wasipojibu, ukimya wao si hati. Ni ushahidi kwamba ulitafuta, na ushahidi huo mpelekee mwanasheria.

Kama huna mkataba kabisa, usiseme "basi hakuna mkataba". Wao wanaweza kuwa nao.

Kitabu cha tatu ni chako, hilo halina mjadala, ila jalada lake huenda si lako. Mchoraji alipolipwa kuchora, alilipwa kazi ya kuchora. Haki ya mchoro ina mwenyewe, na usichukulie kwamba ilihamia kwako kwa sababu tu ulitoa fedha. Mtafute akupe ruhusa ya maandishi, au chora jalada jipya. Ningeshauri jipya kwa vitabu vyote, mchoraji mmoja, mtindo mmoja, ili vikikaa pamoja mezani mtu aone kwamba ni ukoo mmoja. Ya gazetini nayo kwa kawaida ni yako: ulikuwa mwalimu unayelipwa kwa kila sehemu, hukuwa mwajiriwa wa gazeti. Ungekuwa mwandishi wao wa mshahara, au ungekuwa umesaini fomu yao yoyote, ningesema mengine.

Sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hakimiliki haitegemei usajili, lakini siku ya ugomvi cheti kina kazi yake. Na kila toleo jipya liombee namba mpya ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba. Ile ya tarakimu 10 iliyo nyuma ya vitabu vyako vya zamani ni ya toleo lile, na tangu 2007 namba hizo ni za tarakimu 13. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake.

Usafi wa maandishi. Sidhani una faili za kompyuta za 1993, kwa hiyo nakala itapigwa picha kurasa kwa kurasa, na programu itazigeuza kuwa maandishi. Programu hizo hazikulelewa na Kiswahili. Zitakula ritifaa, "ng'ombe" awe "ngombe". Zitasoma "rn" kuwa "m". Zitaacha vistari vya mwisho wa mstari katikati ya maneno, zitageuza "l" kuwa 1. Kwenye riwaya ya mapenzi hayo ni aibu tu. Kwenye riwaya ya upelelezi, 7 iliyogeuka 1 kwenye namba ya gari imeua fumbo. Njia ninayoiamini ni ya zamani: watu wawili, mmoja anasoma kitabu cha awali kwa sauti, mwingine anafuata kwenye maandishi mapya na kalamu mkononi. Inachosha. Hapa ndipo kijana wako anapohitajika, na atakuwa amesoma vitabu vya baba yake vyote, jambo ambalo nina shaka kama amelifanya.

Sehemu za gazetini ulizopoteza, zitafute kwenye makusanyo ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi. Nenda na tarehe, usiende na kumbukumbu.

Sasa uanze na kipi? Wengi wanadhani mfululizo lazima urudi kwa mpangilio uliotoka. Riwaya za upelelezi haziko hivyo. Kila kitabu kinafunga kesi yake, na msomaji huingilia mlango wowote ulio wazi. Mlango wako ulio wazi ni kitabu cha tatu. Haki zake ni safi, hakuna wa kumsubiri. Kitoe hicho wakati barua zako za vitabu viwili vya kwanza ziko njiani. Kisha toa riwaya mpya, na mwisho wake uweke sura ya kwanza ya kitabu cha tatu, pamoja na ukurasa unaoorodhesha vitabu vyote na mwaka ambao kila hadithi inatokea. Tangazo la maana zaidi la kitabu cha zamani ni kitabu kipya cha mpelelezi yuleyule, kwa sababu msomaji akikifunga akiwa ameridhika ndipo anapouliza, na jibu linatakiwa liwe ukurasa unaofuata.

Ya gazetini iwe ya mwisho. Ndiyo inayohitaji kazi kubwa, maana kila wiki ulilazimika kumkumbusha msomaji yaliyopita, na kila sehemu uliimaliza mtu akiwa ameelekezewa bastola. Gazetini ilinoga. Kwenye kitabu, bastola ya kumi inachekesha, na vile vikumbusho vinamfanya msomaji ajione hana akili. Itabidi uvikate na uunganishe sura. Lakini nayo ina thamani yake: ni hadithi ambayo hata wafuasi wako wa zamani hawana kabatini, na wataidai.

Kuhusu riwaya mpya, umenyamaza kuhusu umri. Kama mpelelezi alikuwa na miaka 35 mwaka 1993, leo ni mstaafu kama wewe. Waandishi wamepita njia mbalimbali hapa. Ian Rankin wa Scotland alimwacha mpelelezi wake, Rebus, azeeke na miaka, akamstaafisha mwaka 2007, na alipomrudisha 2012 alikuwa raia asiye na cheo, anafukua kesi za kale ambazo hazikutatuliwa. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893. Wasomaji walipomlilia, mwaka 1901 akaanza kutoa hadithi iliyotokea kabla ya kifo kile, na 1903 ndipo akakubali yaishe na kumfufua kabisa. Unaweza kumwandika kijana bado, mwaka 1998. Binafsi ningemchukua mzee. Mtu aliyezoea kuulizia watu vijiweni, sasa yuko kwenye mji ambao kila kitu kimerekodiwa na hakuna anayemjua jirani yake, ana hadithi ndani yake hata kabla hajauawa mtu. Na simu na kamera anazozitaka kijana wako zitapata mahali pake halali. Hata tozo ya daraja la Kigamboni inaweza kufichua gari lililovuka.

Ila chunga: mzee hukumbuka, na mpelelezi mzee atakumbuka kesi zake. Usimruhusu amtaje muuaji wa kitabu cha zamani. Sentensi moja ya kumbukumbu tamu inaweza kukiua kitabu kizima unachotaka kukiuza. Aseme "lile jambo la pantoni" na anyamaze.

Kwenye kuuza nitakuwa mfupi, kwa kuwa mengi unayajua. Usichape nakala nyingi kwa kushawishiwa na bei ya kila moja kushuka. Mchwa na unyevunyevu wa Dar hawajali ulipunguziwa kiasi gani. Chapa kidogo, ona kasi, chapa tena. Maduka mengi yatataka mali kauli, ukabidhi leo ulipwe vikiuzwa. Kubali kwa machache, andikishianeni, na upite mwenyewe kuhesabu. Wa mikoani wanalipa kwa simu na kitabu kinapakiwa kwenye basi. Uzinduzi wenye ukumbi, MC na mgeni rasmi una picha nzuri, na mara nyingi picha ndizo zinazobaki. Fedha hizo ningempa mchoraji wa jalada. Ndoto ya kuingizwa mashuleni usiijengee bajeti. Ithibati ya vitabu vya shule ina vigezo vyake, na riwaya yenye maiti ukurasa wa pili na chumba cha hoteli ukurasa wa kumi haikuandikwa kwa ajili ya kidato cha tatu.

Ile PDF imekuudhi, una haki. Lakini fikiria kwa nini ipo: mtu alikitaka kitabu, hakukuta pa kukinunua, akapiga picha nakala ya rafiki. Hutazifuta zote. Unachoweza ni kuweka nakala halali, safi, ya bei inayolipika kwa simu, halafu uwaandikie wale wanaoisambaza kwa upole, na namba ya malipo chini ya barua. Baadhi watalipa. Toa sura tatu bure, zienee zinakotaka, na ya tatu ikatike pale ambapo hata wewe ulishindwa kulala ulipoiandika. Wasimulizi wa sauti mtandaoni ni jambo zito zaidi, maana wengine wanasoma vitabu vya watu kuanzia jalada mpaka jalada na kulipwa matangazo. Haki ya sauti ni haki peke yake, kama ilivyo ya filamu na ya tafsiri. Akija msimulizi mwenye sauti nzuri usimfukuze. Mpe kibali cha kitabu kimoja, kwa muda uliotajwa, na mgao wako umeandikwa. Na yeyote atakayekuletea karatasi yenye maneno "haki zote, kwa njia zote", hata akiwa na bahasha nene, mwambie utaisoma nyumbani.

Kuna hatua ambazo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Ukikuta "haki zote" kwenye mkataba wa zamani, au akijitokeza mrithi wa mchapishaji, au wakurugenzi wakikaa kimya, usichape vitabu viwili vya kwanza kabla ya kukaa na wakili anayejua hakimiliki, ana kwa ana. Nenda na mkataba, barua zote, risiti ya mwisho ya mrabaha, nakala halisi ya kila kitabu na stakabadhi za rejista. Wakati uko naye, mwombe pia aweke riwaya zako kwenye wosia, kwa majina yake kitabu kimoja kimoja, na nani atakuwa anatoa vibali. Miaka 50 baada yako ni mingi, na watoto wanaogombana juu ya kiwanja hugombana pia juu ya kitabu kikianza kuuzika.

Kitabu cha tatu hakihitaji wakili. Hicho unaweza kuanza kusomeana na kijana wako wiki hii.